Nyimbo Walizomficha Mjane

Kulikuwa na mama mmoja, jamani, ambaye mume wake alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Bwana yule alitungia jikoni. Mama anasonga ugali, yeye anamfundisha sauti ya pili, na akikosea wanaanza upya mpaka ugali unaungua. Harusi, mavuno, Pasaka, kanisa zima liliimba nyimbo zake.

Basi yule bwana akafariki. Matanga yalipoisha, mama akavaa, akaenda kanisani, akakaa mbele kabisa asubiri angalau wimbo mmoja wa mume wake. Kwaya ikaimba nyimbo za watu wengine. Jumapili nyingine, vilevile. Pasaka ikafika, na hata ule wimbo wake wa kaburi tupu hawakuugusa. Mama akarudi nyumbani moyo mzito. "Kumbe wameshamsahau," akawaza. "Mtu ametutoka juzi tu!" Hebu niambie, wewe ungepata usingizi?

Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akawafuata kwenye mazoezi, akauliza, "Wanangu, mume wangu aliwakosea nini?"

Mwalimu wa kwaya akashika kichwa. "Hapana, mama! Tulikubaliana tusiziimbe ukiwepo, tusije tukakutonesha kidonda. Hatukutaka ulie."

"Nani aliwaambia sitaki kulia?" mama akasema. "Nalia kila siku, peke yangu, kwenye nyumba iliyo kimya. Hapa nilikuja nilie na watu, huku namsikia."

Mama akauanza mwenyewe ule wimbo wa Pasaka, sauti ya pili ileile ya jikoni. Wengine wakadakia. Besi wakachelewa kuingia, na mama, machozi yakimtiririka, akaangua kicheko. "Hapo angewaanzisha upya!"

Ndugu zangu, kwaya msiniangalie hivyo, siwasemi nyinyi peke yenu. Ni sisi sote. Tukienda kwa mfiwa tunaongea mvua, tunaongea bei ya mahindi, na jina la marehemu tunalikwepa kama shimo la barabarani. Eti tunamhurumia! Tunamhurumia nani? Tunayaogopa machozi yake, basi. Mtu wake tulishamzika makaburini, sasa tunamzika tena kwa kunyamaza kwetu.

Leo ukitoka hapa, pitia kwa mfiwa wako. Mtaje marehemu kwa jina lake. Kama kuna wimbo alioupenda, uimbe, hata kama sauti huna. Akilia, usiondoke. Kaa naye.