Moto wa Mwisho wa Enesia

Wapendwa, nyie mliowahi kufika Makete mwezi wa saba mnaijua baridi ya kule. Asubuhi umande umeganda juu ya majani ya viazi, na mtu hatoki kitandani mpaka asikie kuni zikialika motoni. Huko aliishi baba mmoja mwenye nyumba ya matofali, na sebuleni alikuwa na jiko la chuma la kuota moto, bomba lake limetoboa bati kupeleka moshi nje.

Aliyelitunza jiko hilo ni mke wake, Enesia. Kila mwaka baridi ilipokwisha, jua la mwezi wa tisa likianza kuuma, mama huyu alijifunga khanga kiunoni, akazoa majivu na kuyamwaga kwenye matuta ya vitunguu, akashusha bomba akalifagia masizi, akaziba nyufa kwa udongo. Watu wakimwuliza kwa nini ahangaike na jiko wakati wa joto, alicheka tu: "Nitalisafisha lini, likiwa linawaka?"

Mwaka mmoja Enesia akafariki, baridi ikielekea ukingoni. Asubuhi ya siku aliyougua aliwasha moto kama kawaida, na ule ndio ukawa wa mwisho. Walipotoka kuzika, mume wake alifunga mlango wa jiko, majivu yakiwa ndani, wala hakuruhusu mtu aliguse.

Mwezi wa tisa jirani akaja. "Mzee mwenzangu, jua ndilo hili. Nikusaidie kushusha bomba?"

"Liache."

"Ndege wameanza kujenga mle."

"Nimesema liache, ndugu yangu. Moto ule aliuwasha yeye."

Jirani akaenda zake. Nanyi mngesema nini? Jioni mzee alivuta kigoda, akafungua mlango wa jiko kidogo, akayatazama yale majivu. Alitamani kusikia mtu akitembea ndani ya nyumba. Kuna siku alijikuta anakohoa kwa makusudi, labda atokee wa kumwuliza kama anaumwa.

Baridi ikarudi. Akaikabili kwa koti na blanketi. Ndipo binti yake, aliyeolewa Kyela kwenye joto, akaja na mtoto mchanga mgongoni.

"Baba, nimekuletea Enesia."

Mzee akampokea mtoto, akampakata. Kutwa nzima nyumba ikawa na jina lile: Enesia amelala, Enesia ameamka, Enesia ana njaa. Akawa anajifanya hakusikia vizuri, ili binti alirudie.

Jioni mikono ya mtoto ikawa baridi. Binti akaomba moto. Mzee akapanga kuni juu ya majivu yale yale, taratibu, asiyavuruge, akawasha. Moshi haukuwa na pa kutokea. Ulirudi ukajaa sebule nzima. Mtoto akakohoa mpaka sauti ikakauka, na mama yake akamfunika, akakimbilia nje kwenye ukungu.

"Baba, hili jiko halijasafishwa?"

"Ni moto wa mama yako, mwanangu. Nilishindwa kuutupa."

Binti akalia. "Mama alikuwa anayatupa majivu kila mwaka, baba. Ndiyo maana sisi tulikua bila kuijua baridi."

Yeye na mtoto wakalala kwa jirani. Kulipokucha mzee alizoa majivu, akayapeleka kwenye vitunguu, akashusha bomba, akatoa kiota na masizi, anafanya huku analia. Akawasha. Moto ukashika, na nyumba ikapata joto ambalo haikuwa nalo tangu msiba. Akaenda mbio kwa jirani kuwaita.

Walishaondoka na gari la asubuhi. Kifua cha mtoto kilikuwa kimebana, na mama yake alikuwa amempeleka hospitali. Mtoto alipona, lakini daktari alikataza asirudishwe kule mpaka baridi iishe. Msimu wote ule mzee akaota moto mzuri, peke yake.

Najua mlitaka wamkute na moto wake. Hata mimi nilitaka. Lakini sisi, wapendwa, tunafanyaje? Tunawalilia wazazi waliotuachia sala ya jioni, waliogombana mchana na kupatana kabla ya kulala. Machozi yetu ni ya kweli. Ila sala yenyewe tumeifungia pale pale walipoiacha, hatuigusi, na watoto wetu wakija kutafuta joto tunawapa moshi. Kisha tunanung'unika kwamba hawakai nyumbani. Mnadhani Enesia alipenda majivu? Alipenda watu wake walale bila kutetemeka.

Nani yuko njiani kuja kwako? Leo hakuna baridi, na hakuna anayekohoa. Nenda ukaufungue ule mlango, uzoe majivu.