Mdowezi na Karamu ya Herufi

Hapo zamani, katika mji wa Kisimandege, alikuwako mtu mmoja jina lake Pandu, asiye na shamba wala duka wala jamaa wa kumlisha. Aliishi kwa udowezi: akisikia ngoma ya harusi huingia nyuma ya wageni, akatoa salamu kwa sauti ya mtu aliyealikwa, akala. Watu walimcheka lakini hawakumfukuza, maana alikuwa na maneno matamu, na hakufungasha chakula.

Sultani wa mji huo, Sultani Fakihi, alijifunza kwa mfanyabiashara mgeni mchezo wa kuficha tarakimu ndani ya herufi. Siku moja, akiisha kula, akatazama sinia, akaandika mwenyewe: HALUA jumlisha TENDE, jibu KARAMU. Akasema, "Kila herufi ni tarakimu moja, tangu sifuri hata tisa. Herufi mbili zisishiriki tarakimu, na hesabu itimie." Akaipenda mno kazi yake, akatoa amri: pasiwe na karamu mjini, ya harusi wala ya hitima, mpaka karamu yake ifumbuliwe. Na atakayejaribu akashindwa, atabeba mawe ya ngome.

Basi wakaja wanazuoni, wakaanza vema. Wakasema, "Namba mbili za tarakimu tano, zikijumlishwa, hazifiki laki mbili. Basi K haina budi kuwa moja." Wakafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyowapoteza, kwani mtu akishaupata mlango haulizi tena kama nyuma yake pana nyumba. Wakaandika, wakafuta, ikawa kila wakikaribia kumaliza, herufi moja imebaki nje. Wakadhani kosa ni lao, maana nani angethubutu kudhani ni la Sultani? Wakaenda kubeba mawe.

Harusi zikalala. Pandu akala maembe mabichi, kisha akala majani ya maboga, kisha akawa hali kitu. Alipoona shuka yake inamzunguka kiunoni mara mbili, akaenda barazani kwa Sultani.

"Pandu," akasema Waziri Shomari, "tangu lini wewe unajua hesabu?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ila karamu nimeziona nyingi kuliko wewe."

"Mwacheni," akasema Sultani. "Mawe hayajaisha."

Pandu akainama. "Bwana wangu, umesema kila herufi ipate mahali pake, wala mbili zisishiriki. Mimi najua kukalisha wageni tu. Naomba kiti kwa kila tarakimu, na kigae kwa kila herufi, na watu wa kuvishika."

Sultani akaona ni mchezo mwema, akakubali. Viti vikapangwa, kila kimoja kimeandikwa tarakimu yake kwa mkaa, tangu sifuri hata tisa. Waziri akapewa K, akakaa kiti cha moja kwa fahari. Kadhi akapewa A. Mtunza hazina akapewa E, kiti kikalia. Wanazuoni wakaitwa kutoka ngomeni na vumbi lao, wakapewa nyingine.

"Kaeni mpendavyo," akasema Pandu. "Jumla tutaitazama baadaye. Kwanza wageni wakae."

Kikabaki kigae kimoja, M. Sultani akakitwaa mwenyewe, kwa kuwa desturi ya Kisimandege ni kwamba mtawala huingia karamuni wa mwisho. Akaingia kwa madaha, akaipita safu ya viti mpaka mwisho, akarudi mpaka mwanzo. Vyote vina watu.

"Shomari, inuka."

Waziri akainuka, Sultani akakaa.

"Sasa K haina tarakimu," akasema Pandu kwa upole, "na ndiyo pekee tuliyokuwa na hakika nayo."

Sultani akamrudishia waziri kiti chake. "Kadhi, inuka wewe."

"Bwana wangu," akasema kadhi, "mimi ni A. Bila mimi hapana halua wala karamu."

Sultani akamwendea mtunza hazina, akamwambia, "Sogea kidogo."

"Ulikataza kushiriki, Bwana wangu," akajibu yule, ambaye hata hivyo hakuwa na pa kusogea.

"Basi leteni kiti kingine."

"Kiti ni rahisi, seremala yupo," akasema Pandu. "Lakini nikiandike tarakimu gani? Baada ya tisa naiona ile moja inarudi, imeshikana mkono na sifuri."

Sultani akasimama na kigae chake, miguu ikaanza kumuuma.

"Ulijuaje?"

"Bwana wangu, aliyealikwa hutazama chakula. Asiyealikwa huhesabu viti, kisha watu. Viti vyako kumi, wageni wako kumi na mmoja. Nami umri wangu wote ndimi huyo wa kumi na moja; nilipoitazama karamu yako, nikamwona ndugu yangu amesimama mlangoni."

Sultani akakitazama kigae, akavitazama viti, akacheka hata kigae kikamponyoka. Akawarudisha wanazuoni majumbani kwao, akafungua harusi, akaamuru kila karamu mjini iwe na kiti cha Pandu.

Jioni ile pakawa na harusi. Pandu akakaribishwa kwa jina lake, akakaa, akanawa. Hata alipokuwa ananyoosha mkono siniani akasikia mlangoni salamu, kwa sauti ya mtu aliyealikwa. Akageuka, akamwona kijana mmoja asiye na pa kukaa, shuka imemzunguka mara mbili.

Pandu akasogea nusu ya kiti.

"Njoo ukae, bwana," akasema. "Sisi si herufi."