Mize, Kaka Zake na Mlingoti wa Nta

Paukwa!
— Pakawa!
Chombo?
— Kikajawa!
Kikajawa samaki?
— Kikajawa shaka!

Haya, sogeeni. Si karibu sana, mfuko wangu uko upande huo na nyote nawajua. Hadithi hii niliipata safarini, nami nimesafiri mno: bandari zote nimekanyaga, na kote nimetapika. Nimetapika hata chombo kikiwa kimefungwa gatini. Kwa hiyo nikizungumza habari za matanga na kamba nisikilizeni, maana mwoga wa bahari huzikagua kamba kuliko nahodha.

Hapo zamani, zamani za watu waliotazamana kwa jicho la pembeni, palikuwa na fundi wa vyombo katika kisiwa kidogo. Akafa. Akaacha wana watatu: Faki mkubwa, Shaame wa kati, Tamimu wa mwisho. Akaacha na binti mmoja, mdogo wao wote, jina lake Mize. Tena akaacha mashua ndogo, mbao zake zimeshikana kama meno ya papa. Lakini ilikuwa tupu. Haina mlingoti. Haina kamba. Haina tanga.

Wale vijana watatu walirithi gunia moja moja la karafuu. Mize alirithi chungu. Ndiyo, chungu! Usinitazame hivyo, mama, sikugawa mimi.

Sasa ng'ambo ya mlango wa bahari liliishi zimwi. Refu kama mnazi, miguuni njuga za chuma. Kuogelea halijui. Maji yakipwa huvuka kwa miguu, maji yakijaa hukaa kwake limenuna. Siku moja likasimama ng'ambo likanguruma:

"Mizeee! Ijumaa nakuja kukuoa! Nikishakuoa, nitakula!"

Lilisema wazi. Mazimwi ya zamani hayakujua kuposa kwa maneno mazuri.

Wale ndugu wakakaa kikao. Kupigana nalo hawawezi. Wakakata shauri wahame wote kwa mashua ya baba, waende mrima, pwani ya bara, kabla jua la Ijumaa halijafika utosini. Mlingoti atanunua Faki. Kamba atanunua Shaame. Tanga atanunua Tamimu. Kila mtu kwa karafuu zake.

"Kaka zangu," Mize akasema, "nunueni vitu vya kweli. Roho yangu imo humo."

"Hata huna haja ya kusema!" wakajibu wote watatu, kwa haraka kidogo.

Faki akaenda kwa muuza miti. Akaonyeshwa mlingoti mzima, mnyoofu, mzito.

"Huu unataka gunia zima, bwana," muuzaji akamwambia.

Faki akawaza: Mimi nawajua ndugu zangu. Shaame atapunja. Tamimu atapunja. Kwa nini mimi peke yangu niwe bwege?

"Na ule pale?"

"Ule umeliwa na fukusi. Ni wa kutazama, si wa kusafiria."

"Ziba matundu kwa nta, paka mafuta, nipe."

Akatoa konzi chache za karafuu. Zilizobaki akazificha chini ya kitanda.

Shaame akaenda kwa msokota kamba. Akaonyeshwa kamba za usumba, zile za makumbi ya nazi, ngumu, zinazozidi kukaza zikipata maji ya chumvi. Akawaza: Mimi nawajua ndugu zangu. Faki atapunja. Tamimu atapunja. Akanunua kamba za maganda ya mgomba, za kufungia kuku, akazipaka mafuta ya nazi zing'ae. Karafuu zilizobaki, chini ya kitanda.

Tamimu akaenda kwa mshona matanga. Akaonyeshwa marekani mpya, kitambaa kizito. Akawaza... semeni wenyewe.

— Mimi nawajua ndugu zangu!

Ehe. Akanunua shuka kuukuu zilizofuliwa mpaka zikasahau rangi. Ukiziinua juani unamwona jirani yako na anachokula. Akazishona kwa uzi wa kutungia asumini. Karafuu? Chini ya kitanda.

Basi nyumba nzima ikanuka karafuu kama ghala. Mize anafagia, ananusa. Anapika, ananusa.

Ijumaa asubuhi mashua ikavishwa mlingoti, kamba na tanga, ikasimama ufukweni, inapendeza kama mtu aliyeazima nguo. Lakini kila kaka alikijua alichokileta. Na aijuaye kasoro ya kitu chake hulala akizihesabu za wenzake. Kwa hiyo walifika pwani wote watatu wamenenepa. Jana wembamba, leo matumbo yamejaa kanzu.

Mize akamkumbatia Faki kumshukuru. Tumbo likalia, ko! Akamkumbatia Shaame. Ko! Akamkumbatia Tamimu. Ko! Ko! Maana Tamimu alikuwa na viwili.

"Haya, kaka Faki, panda," Mize akasema.

"Aa, mimi mkubwa, nitasukuma. Apande Shaame."

"Mimi? Nitamtangulia vipi mtoto wa mwisho? Tamimu, panda, mdogo wangu mpenzi."

"Wallahi siwezi kuwakosea adabu kaka zangu."

Sijapata kuona adabu nyingi kiasi kile pahali pamoja, na mimi nimekaa mpaka misibani kwa matajiri.

"Inueni kanzu zenu," Mize akasema.

"Astaghfirullahi! Mbele ya dada?"

"Inueni!"

Wakainua. Kila mmoja amejifunga kibuyu kikavu kiunoni, Tamimu viwili, chombo kikizama yeye aelee. Wakatazamana. Faki akaulizia kamba, Shaame akaulizia tanga, Tamimu akaulizia mlingoti. Mize akaugonga mlingoti, ukalia kama ngoma. Akaivuta kamba, ikamwachia nyuzi mkononi. Akaliinua tanga, akaiona bahari yote upande wa pili.

Hata hakuwahi kulia. Maji yalikuwa yamekupwa, na njuga zile, chaka! chaka! chaka! Zimwi hilo, limevuka, limesimama mchangani.

"Nimekuja kuchukua changu."

Wale kaka watatu wakawa kama miti. Mize akasema:

"Karibu, bwana harusi. Lakini bibi harusi hatoki hivi hivi. Ngoja nipambwe."

Akawavua kaka zake vile vibuyu, akaingia nyumbani mwao pale ufukweni. Zimwi likangoja. Likaita, "Bado?" Akajibu, "Napaka hina." Likangoja. "Bado?" "Nasuka nywele." Likangoja. "Bado?" "Nafukiza udi." Na maji huku yanajaa, yanajaa, yanajaa.

Alipotoka amefunika kanga juu ya kanga.

"Mbona umenenepa?" zimwi likauliza, jicho moja limefumba.

"Hutaki mke mnene?"

"Nataka," likasema, likameza mate. Halafu likageuka. "Mbona maji yamejaa? Nitarudije?"

"Mashua hiyo. Kaka zangu wameivisha kwa ajili ya harusi."

Zimwi likaizunguka mashua. Likanusa. Lilikuwa na shaka kama sisi sote.

"Mlingoti huu mzima?"

"Mzima!" Faki akajibu. Alikwisha kuzoea.

"Kamba hizi imara?"

"Imara!" Shaame akasema.

"Tanga hili jipya?"

"Jipya, halijapata kulowa!" akasema Tamimu.

"Na nyinyi mnakuja?"

Kaka zake wakarudi nyuma hatua moja.

"Nakuja mimi," Mize akasema. "Mimi nitashika usukani."

Zimwi likamtazama sana. Likawaza: kiumbe gani atapanda chombo kibovu na akili zake? Likapanda. Kaka zake wakasukuma.

Walipofika katikati ya mlango, Mize akaimba:

*Pepo njoo, njoo taratibu,*
*bwana harusi ana aibu.*

Upepo ukaja kidogo. Tanga likasema, ta-ta-ta.

"Nini hiyo?"

"Tanga linapiga makofi, bwana wangu."

*Pepo njoo, njoo kwa nguvu,*
*bwana harusi ana wivu.*

Upepo ukaja. Mlingoti ukalia, kwaa!

"Nini hiyo?"

"Mlingoti unapiga vigelegele."

"Geuza! Turudi!"

*Pepo njoo, njoo na tufani,*
*bwana harusi yumo chomboni.*

Upepo ukaja wote. Kamba ikakatika. Mlingoti ukavunjika kwenye nta. Tanga likaanguka, likalifunika zimwi gubigubi kama mgonjwa wa homa. Nalo, kwa kiwewe, likafanya kosa ambalo hata mimi nilikatazwa: likasimama wima katika chombo kidogo. Mashua ikapinduka. Njuga zikalivuta chini. Halikuonekana tena, hata maji yalipokupwa.

Mize akaelea juu ya vibuyu, anapiga mikono na kutema chumvi, mpaka ufukweni. Na kaka zake? Wanacheza!

"Unaona?" Faki akasema. "Mlingoti ule niliuchagua makusudi!"

"Na kamba zile unadhani ni za bahati?" akasema Shaame.

"Tanga langu ndilo lililolifunika," Tamimu akasema. "Hilo msilisahau."

Mize akakamua kanga zake.

"Leteni karafuu," akasema.

Wakazileta, zote.

Mashua ya baba yao ilirudishwa na maji, ubao wake haujaachia hata mmoja. Mize akachukua magunia akaenda kununua peke yake. Mlingoti aliuning'inia kwa mikono miwili mpaka muuzaji akamwomba ashuke. Kamba aliiloweka maji ya chumvi, akaifunga kwa fahali, akamtia fahali hasira. Tanga aliliinua juani, akaona kiza. Mpaka leo watu wa huko wanasema hapajavishwa chombo kama kile.

Akakishusha majini. Akawaambia, "Haya kaka zangu, nendeni mkavue."

Wakakitazama chombo. Wakamtazama yeye.

"Kamba umenunua wapi?" Shaame akauliza.

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Na mlingoti," Faki akauliza, "mzima?"

"Mzima," Mize akajibu, kwa haraka kidogo.

"Mbona unacheka?" akauliza Tamimu.

"Sicheki."

Wakapanda, maana njaa ilikuwa kali. Tanga hawakulikunjua. Walishika pondo, wakajisukuma kandokando ya ufukwe, wakarudi na dagaa wa kuhesabika. Na kesho yake hivyo hivyo. Mpaka leo wanaume wa kisiwa kile huvua kwenye maji ya kifua, hawapiti hapo. Kilindini wanakwenda wanawake, wametandaza tanga, na samaki changu wakubwa wote ni wao.

Hadithi yangu imepwelewa hapa. Tamu yake gawaneni nyumbani. Uongo wake nirudishieni kabla hamjaondoka, niuuze mji wa pili.