Mbegu Haivuki Geti

Kijijini kwetu mapera mekundu yalikuwa yangu peke yangu, nami nilitaka yabaki hivyo. Mbonea, jirani yangu, akaja kuomba mbegu.

“Kula hapa hapa ushibe,” nikamwambia. “Ila mbegu haivuki geti. Tena usiteme hata moja, usije ukaificha.”

“Sawa, mzee.”

Alikula manane. Nikampekua kikapu, mifuko, hata kofia. Hakuwa na kitu, nikajipongeza.

Baada ya miaka mitatu aliniletea kapu la mapera mekundu, matamu kuliko yangu.

“Mbegu ulizipitishia wapi?” nilimuuliza huku nikitafuna.

“Ulinikataza kutema, mzee, nikameza. Asubuhi yake nikaenda haja migombani kwangu.”

Wakati huo nilikuwa kwenye pera la tatu.