Nguzo ya Shamlani na Bibi wa Shimo la Shaba

Alitawala katika mji wa Zumarani, mji uliozungukwa na milima ya shaba, sultani aliyeitwa Ghanimu bin Tufeli, mtu mwadilifu mwenye ndevu ndefu na subira fupi, na katika fahari zake zote hakuna aliyoipenda kama farasi wake mia wa shaba, aliowapata kwa mfalme wa nchi ya mbali iitwayo Sindabari. Farasi hao hawakula majani wala mtama. Chakula chao kilikuwa moto wa radi, na moto huo waliupata katika nguzo zilizokuja pamoja nao, na ndani ya kila nguzo mfalme wa Sindabari alikuwa ametia jini mmoja wa kuishika radi na kuitoa kidogo kidogo, kama mama amlishavyo mtoto uji.

Ikawa raha juu ya raha, hata Ijumaa moja mfalme wa Sindabari akakasirika kwa jambo ambalo mpaka leo hakuna alijuaye, akawaita majini wake kwa majina, nao wakatoka nguzoni wakaenda zao. Farasi mia wakasimama pale pale walipokuwa. Mmoja alisimama na mkunga juu yake, na mzazi aliyekuwa akimngoja akajifungua kwa msaada wa jirani na rehema ya Mwenyezi Mungu. Na mwingine alisimama katikati ya kilima na kadhi mgongoni, na kadhi alikuwa mtu mnene, akateremka kwa miguu huku akileta istighfari kila hatua.

Sultani akawakusanya mafundi wa mji katika diwani yake, akasema, "Enyi mafundi wa Zumarani, kuanzia leo haitasimama nguzo ya malisho katika mji huu ila nusu yake na zaidi iwe imefanywa humu nchini, kwa mikono ya watu wetu, na kuunganishwa kwake kuwe humu humu. Sitaki tena kufungwa miguu na mtu aliye mbali. Nani ataweza?"

Mafundi wakatazamana. "Maulana," akasema mmoja, "sisi twafua birika na sinia. Hata robo ya nguzo hatuijui ilivyo."

"Mwulizeni Shamlani," akadakia mwingine, "birika lake ndilo linalovuja kama nguzo ivujavyo radi!" Na diwani nzima ikacheka.

Huyo Shamlani bin Mbaraka alikuwa mfua shaba mchamungu, hakosi sala ya jamaa, amesoma chuoni mpaka alipofiwa na baba yake, basi hapo elimu yake ikakoma. Aibu yake ilikuwa moja, naye mwenyewe aliikiri kila mara alipoomba dua: ulimi wake ulikwenda mbele ya akili. Aliposikia kicheko kile damu ikampanda, akasimama akasema, "Nusu ni ya nini, maulana? Wallahi nitaifanya nguzo nzima, tangu utosi hadi wayo, na ikipatikana ndani yake chembe moja ya ugeni, nitolewe katika nchi hii!"

Kicheko kikakatika. Sultani akamtazama. "Umesema?"

"Nimesema, maulana," akajibu Shamlani, na hapo hapo akatamani ardhi ipasuke.

"Basi una siku arobaini. Ukiweza, wewe ndiwe mkuu wa mafundi wangu. Usipoweza, umekwisha kujihukumu."

Shamlani alikuwa amemposa Thuwaiba binti Hamduni, mfinyanzi, mwanamke hodari aliyerithi tanuri la marehemu baba yake na kumtunza mama yake asiyeweza kuinuka kitandani. Thuwaiba alipopata habari hakulia, aliuweka chini mtungi aliokuwa akiulainisha, akasema, "Sultani kataka nusu, wewe ukampa zima. Nani alikuomba, mwana wa watu?"

"Walinicheka, Thuwaiba."

"Sasa mimi nicheke au nilie? Ukitolewa nchi hii, mimi siwezi kumbeba mama nikufuate, wala siwezi kumwacha. Unajua hayo?"

"Najua."

"Haya, inuka. Wataka nini kwangu?"

Akamtaka amfinyangie vikombe vya udongo mgumu, vya kuizuia radi isimuunguze mlishaji, naye akavifinyanga. Shaba akaichimba mlimani mwenyewe, mbao akazichonga, kamba ya kulishia akaisuka kwa nyuzi za shaba na kuivika ngozi ya mbuzi wa mtaani kwao. Lakini kila siku hofu ilimzidi, akaenda kwa waziri Makki, ambaye ndiye aliyekabidhiwa ukaguzi, akamwuliza, "Bwana waziri, kitu kilichofanywa humu nchini ni kipi hasa?"

"Ni kilichochimbwa humu," akasema waziri. "Tunapima kwa mizani."

"Hasha," akasema karani aliyekuwa ubavuni mwake, "ni kilichofuliwa humu. Tunahesabu vipande."

"Vipande! Na msumari mmoja uwe sawa na nguzo nzima?"

"Na mizani je? Jini hana uzito, bwana wangu, na bila yeye nguzo ni gogo."

"Basi tupime kwa thamani."

"Thamani ya jini nani aijua?"

Wakashindana mpaka adhuhuri, na Shamlani akatoka pale akiwa hajui hata kama kanzu aliyoivaa ni ya nchi gani. Ila neno moja lilimkaa moyoni, nalo lilimtisha: jini. Nguzo yake ilikuwa imekwisha, nzuri, imenyooka, na ndani yake hamna kitu.

Ikafika siku ya ishirini. Kwa kukata tamaa akaipasua nguzo moja ya zamani ya Sindabari apate kuona ilivyoundwa, na chini kabisa akakuta pete ya madini ya risasi, akaisugua, likatoka jini limejikunyata, linapiga miayo.

"Labeka, ewe mwenye pete! Mfalme kaita?"

"Kaita tangu mwezi uliopita! Wenzako wote wamekwenda."

"Sema upande huu," likasema jini, likigeuza kichwa. "Sikio la kushoto halisikii. Mimi naitwa Kashkashi. Amuru, bwana wangu, mimi ni mtumwa wa pete."

Shamlani akataka kusujudu kwa shukrani, kisha akakumbuka kiapo chake. "Umezaliwa wapi, Kashkashi?"

"Sindabari, bwana, nyuma ya mlima wa saba."

"Basi hunifai," akasema Shamlani, akaketi juu ya majivu. Akamweleza kiapo chake chote, na jini likasikiliza kwa sikio la kulia, likasema, "Mimi nimetumika miaka elfu na sijaulizwa swali hilo. Tafuta jini wa kwenu, nami nitamfundisha kazi. Ila ukimaliza, uivunje pete hii, niwe huru."

"Nakuahidi kwa jina la Mola wangu."

Katika mlima wa shaba palikuwa na shimo la kale ambalo wachimbaji walilikimbia, kwa kuwa kila aliyeshuka alitupiwa kokoto. Shamlani akashuka kwa Bismillahi na Ayatul Kursi, na kokoto ya kwanza ikampata kwenye paji.

"Ondoka!" ikasema sauti ya ajuza. "Kila siku kuchimba, kuchimba! Hamwachi mtu akapumzika!"

"Assalamu alaykum, bibi. Sikuja kuchimba. Nimekuja kukuuliza. Wewe ni wa hapa?"

Kokoto zikakoma. Kisha akajitokeza jini wa kike, mzee, rangi yake kijani kama shaba iliyokaa mvuani. "Mimi ni Zimbiri. Nimezaliwa shimoni humu. Lakini babu zangu waliletwa na upepo zama za Nabii Suleimani, alayhi salam. Kabla ya hapo walikuwa wapi, sijui. Je, mimi ni wa hapa au si wa hapa?"

Shamlani akafikiri. Akakumbuka kwamba hata babu wa babu yake mwenyewe alikuja Zumarani na punda na mkeka. "Wallahi, bibi," akasema, "sijui tena."

"Afadhali wewe unayekiri. Ni kazi gani hiyo?"

"Kushika radi na kuitoa kidogo kidogo."

"Na malipo?"

"Nitawaomba wachimbaji walikwepe shimo lako."

"Ongeza kwamba waniamkie wanapopita," akasema Bibi Zimbiri, "hapo nitakuja."

Kwa siku kumi na tano karakana ya Shamlani haikukalika. Kashkashi alifundisha kwa kupiga kelele, maana viziwi hudhani kila mtu kiziwi, na Bibi Zimbiri alijifunza kwa kugomba. Radi ya kwanza ilimtoka mkononi ikaunguza paa. Ya pili ikaunguza kilemba cha Shamlani.

"Taratibu, bibi! Ishike kama yai!"

"Yai gani linauma hivi? Nyie wa Sindabari mna mikono ya ngozi gani?"

Siku ya thelathini na nane bibi akaishika radi, akaitoa nyembamba kama uzi wa sufi, na farasi mmoja wa shaba aliyewekwa pale kwa majaribio akafumbua jicho. Kashkashi akatokwa na machozi ya moshi. Shamlani akaivunja pete kwa nyundo moja, na jini likaruka dirishani, wala halikushika njia ya Sindabari. Lilisema limechoka kuitwa.

Siku ya arobaini, baada ya sala ya alasiri, watu wakafurika uwanjani. Nguzo ikasimamishwa, Bibi Zimbiri akaingia ndani, kamba ikafungwa kinywani mwa farasi, na kufumba na kufumbua farasi akatikisa manyoya yake ya shaba, akalia, akatimua mbio kuuzunguka uwanja mara tatu. Watu wakaleta takbiri. Waziri Makki akapima, karani akahesabu, na kwa mara ya kwanza wakapatana: shaba ya hapa, mbao ya hapa, udongo wa hapa, ngozi ya hapa, jini wa hapa.

"Imebaki kiapo tu," akasema sultani kwa furaha. "Weka mkono juu ya Msahafu, Shamlani, useme hamna ndani yake chembe ya ugeni, nawe utoke hapa mkuu wa mafundi."

Shamlani akanyoosha mkono. Akamwona Thuwaiba upande wa wanawake, kajifunika ushungi, anatabasamu. Hakuna aliyejua habari za Kashkashi ila wao wawili na Bibi Zimbiri. Mkono ukabaki hewani. Akajiuliza: ilmu ina uzito? Ilmu ni kipande? Kama si kitu, mbona bila hiyo nguzo ilikuwa gogo? Na kama ni kitu, kilitoka wapi? Kichwa kilimzunguka kama pia, na katika kuzunguka kule akaona jambo moja tu lililosimama, kwamba kile alichokijua, Mola wake alikijua pia. Akauvuta mkono.

"Maulana, siwezi. Kazi hii tumefundishwa na jini wa Sindabari. Niliapa kwa kiburi, kwa kuwa nilichekwa, na kosa ni langu peke yangu. Nguzo ni yenu na itawafaa. Mimi nitoeni."

"Mjinga wewe," ikasikika sauti ya Bibi Zimbiri ndani ya nguzo, "ningekunyamazia." Na Thuwaiba akajiinamia.

Sultani, asijue akasirike au alie, akamgeukia kadhi. Kadhi akasema, "Seyyidi yangu, kiapo kwa Mola kina kafara yake: kulisha maskini kumi au kuwavika, na asiyeweza afunge siku tatu. Huyu ni maskini, atafunga. Ama sharti la kutolewa nchini, lilisemwa mbele yako, hilo lako."

Sultani akashika ndevu muda mrefu. "Nikilifuta," akasema, "kesho kila mtu ataapa mbele yangu atakavyo. Atatoka leo kabla ya jua kuchwa. Na kuanzia sasa, waziri, yeyote ajaye langoni akitaka kuingia na kukaa, mpime kwa amri ile ile ya nguzo: nusu yake na zaidi ikiwa ya humu, mwache aingie. Amri ni amri."

Shamlani akatolewa. Akafunga siku tatu nje ya ukuta, akifuturu maji na tende za wasafiri, akiomba maghufira ya ulimi wake, na wala hakuelewa maneno ya sultani. Alidhani ameyasikia vibaya kwa huzuni. Siku ya nne asubuhi, akiwa hana pa kwenda, akaja langoni kuaga. Akamkuta waziri Makki na karani wake wamekaa na mizani, na Thuwaiba amesimama mbele yao.

"Mgeni," akasema waziri, akijikaza asicheke, "wataka kuingia na kukaa?"

"Nilikuja kuaga tu, bwana."

"Anataka," akasema Thuwaiba. "Andika."

"Mifupa ya wapi?"

"Ya mama yake, aliyezaliwa mtaa wa Wafua Shaba," akajibu Thuwaiba.

"Nyama?"

"Ya mtama wa Zumarani. Imepungua, alikuwa amefunga."

"Babu wa babu yangu alikuja na punda," akasema Shamlani, maana hakuweza kujizuia kukiri.

"Nyamaza!" wakasema wote watatu.

"Ilmu?" akauliza karani.

"Nusu ya chuo cha hapa, nusu ya jini kiziwi," akasema Thuwaiba. "Hiyo hesabuni mtakavyo."

"Na kichwa?"

Thuwaiba akamtazama Shamlani tangu utosi hadi wayo. "Kichwa hakijaunganishwa vizuri. Nitakiunganisha mimi, humu humu."

Waziri akapiga muhuri. Ijumaa ile kadhi akawaozesha kando ya kitanda cha mama yake Thuwaiba, ili naye ashuhudie, na sultani akampa Shamlani ukuu wa mafundi na nyumba yenye karakana mbili, moja ya shaba na moja ya udongo. Zikasimama nguzo mia, na wajukuu wa Bibi Zimbiri wakaingia kazini, na wachimbaji walipopita shimoni waliamkia. Na juu ya kila nguzo Shamlani aliandika majina ya waliofanya kazi na jina la aliyewafundisha, hata mkaguzi asome yote asiulize.

Mwenye kupewa kazi na Mola wake aifanye kwa mikono yake, na amtaje mwalimu wake bila haya, kwa kuwa kumtaja hakumpunguzii kitu. Na kama katika kuhesabu nusu na zaidi nimekosea mahali, msomaji anisamehe, kwani hata waziri Makki hakuipata sawasawa mpaka alipokufa. Mungu awarehemu wote, na sisi pamoja nao.