Mtu wa Kumi Ananuka Ngozi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa watu tisa wenye kiburi cha watu tisini!

Hapo zamani za kale, katika mji wa Wayahudi, aliishi Obadia mfuma nguo. Siku moja ukatimia mwaka tangu mama yake afariki. Obadia alitaka kumsomea Kadishi, sala ya mfiwa. Nanyi mjue, Kadishi haisomwi na mtu peke yake. Sharti wakusanyike wanaume kumi. Na jua likizama, siku ya mama imepita.

Sinagogini walikuwamo tisa, Obadia akiwa mmoja wao. Mara akabisha hodi Zekaria, mtengeneza ngozi.

"Nimesikia mmepungukiwa na mtu. Nimekuja."

Mzee Hananeli, msimamizi, akaziba pua. "Unanuka ngozi. Kaoge!"

Zekaria akaenda, akaoga, akarudi.

"Kanzu yako inanuka. Kabadilishe!"

Akaenda, akabadilisha, akarudi.

"Mikono yako ina madoa. Kasugue!"

Madoa ya kazi ya miaka thelathini! Yanasuguliwa na nini, jamani? Na jua linashuka!

Jogoo ukutani akashindwa kuvumilia. "Enyi wasomi! Kila asubuhi mnamshukuru Mungu aliyempa jogoo akili. Zenu mmempa nani?"

"Tutahesabu gombo la Torati liwe mtu wa kumi," akasema Hananeli.

"Gombo lina mdomo wa kuitikia Amina?" akauliza jogoo. " Na hilo gombo limeandikwa juu ya ngozi. Ngozi hiyo aliitengeneza nani?"

Hakuna aliyemwambia Zekaria aingie. Nasema hakuna!

Obadia akasimama. "Mzee wangu, heshima yako naijua, lakini mama ni mama."

Akamshika Zekaria mkono, wakaenda kwa watengeneza ngozi. Walikuwako wanane, wote walikwisha kufukuzwa sinagogini kwa harufu hiyohiyo. Wakanawa, wakasogea mbali na ngozi, wakasimama wakigeuza nyuso upande wa Yerusalemu. Obadia akasoma huku akilia. Wakaitikia "Amina!" na jua likazama.

Sinagogini wakabaki wanane, safi kabisa, na sala hawana.

Hadithi yangu nimeitua. Funzo ni hili: anayemfukuza mwenzake mlangoni kwa Mungu, hujifungia nje mwenyewe. Na wewe unayeziba pua hapo nyuma, viatu vyako vimeshonwa kwa kitu gani?