Mtamba Mmoja, Pedeli Mbili

Nipeni masikio yenu. Nitawarudishieni, ila yatarudi na kazi ya kufanya. Mwenye haraka na aende zake sasa hivi, maana hadithi hii haimwachi mtu alale kabla hajagombana na jirani yake.

Juu kabisa kwenye milima ya Taita, katika kijiji cha Mwarungu, walikuwako watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwadime, na kipaji chake kilikuwa kuchagua. Akitumwa kitunguu sokoni, waliomtuma hula mboga bila kitunguu, kwa kuwa atarudi jua linatua. Lakini kitunguu atakachorudi nacho hakitakuwa na doa, wala hakitaoza mpaka msahau kwamba kipo. Watu walimcheka, kisha wakitaka kununua kuku wa mayai walimfuata kimyakimya wamwombe awasindikize.

Wa pili ni Mama Malemba, fundi viatu wa pale sokoni, na kipaji chake kilikuwa kufunga. Alichokishona Mama Malemba hakikushonwa tena. Kuna begi la shule alilolitia uzi likarithiwa na ndugu mpaka mrithi wa mwisho akalichoka, akalitupa, likaokotwa likiwa zima.

Wa tatu ni Mghoi, na kipaji chake kilikuwa kufungua. Kufuli lililoshika kutu, fundo lililoloa mvua, mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye sufuria, kwa vyote hivyo aliitwa Mghoi. Hakutumia nguvu. Alikuwa akisema kila kitu kilichonasa kina upande wake wa kutokea, ila watu huvuta kwa upande walioingilia.

Sasa tumwangalie Mkawasi, dada yake Mwadime, maana mzigo wa hadithi hii uko kichwani kwake.

Mkawasi alikuwa msichana wa baiskeli. Kila asubuhi alipita nyumba za mlimani akikusanya maziwa ya watu, akayafunga kwenye kibao cha nyuma, akashuka nayo hadi kituo cha maziwa. Nasema maziwa ya watu, kwa kuwa ng'ombe wao alikufa kwa kuvimbiwa msimu wa mvua uliotangulia. Tangu siku hiyo mama yao, Mkiwa, alikuwa akiamka alfajiri kama kawaida, anafika mlangoni na ndoo, kisha anakumbuka. Mkawasi alimwona zaidi ya mara moja akirudisha ndoo mahali pake polepole, na moyo ulimuuma kuliko siku ile ng'ombe alipozikwa.

Basi zikaja habari kwamba kutakuwa na mashindano ya baiskeli za milimani, kupanda na kushuka, na mshindi wa wasichana atapewa mtamba, ng'ombe mchanga wa maziwa. Mkawasi alisikia. Alikwenda kuupaka mnyororo wa baiskeli mafuta.

Miguu alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa pedeli. Kwenye njia za mawe mguu ulikuwa ukiteleza, na meno ya pedeli yalikuwa yamemchora muundi wote. Tena mlimani pedeli ya kawaida hukupa nguvu unaposukuma tu; unapovuta mguu juu, unavuta hewa. Wapanda baiskeli wa mjini walikuwa na pedeli za kunasa. Kiatu kina kichuma chini ya soli; ukikanyaga, kichuma kinashikwa, na mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino nje. Ukisahau kukizungusha, unaanguka na baiskeli yako.

Mwadime akasema, "Nitakwenda nawe Voi. Usinunue kitu mpaka niseme."

Muuza vifaa vya mitumba akawatandikia aina tatu. Za kwanza zilikuwa mpya, zinang'aa, zimefunikwa pande zote. Za pili zilinasa upande mmoja tu, upande mwingine ulikuwa bapa. Za tatu zilikuwa kuukuu, wazi pande zote, chuma kimechakaa kama mwiko wa shule. Mkawasi alikwisha kuzishika za kwanza.

"Ngoja," alisema Mwadime. Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Akakifungua. Ulikuwa udongo mwekundu wa njia ya Mwarungu, ule unaong'ang'ania viatu mpaka mtu anarefuka. Akautemea mate, akaukanda, akaubandika kwenye pedeli za watu.

"Wewe kijana!" muuzaji alipiga kelele. "Unanitilia matope kwenye bidhaa?"

"Baiskeli itapita kwenye matope haya, haitapita kwenye meza yako," Mwadime alijibu, akakanyaga kwa kiatu chenye kichuma alichokiazima pale mezani. Zile zinazong'aa zilinasa zikagoma kuachia. Zile za upande mmoja zilikataa hata kunasa. Akabandika, akakanyaga, akafuta, akarudia, mpaka Mkawasi akachoka kuona haya.

"Kaka, mchagua jembe si mkulima."

"Mkulima si mimi. Nakutafutia wewe."

Zile kuukuu zilipokanyagwa, udongo ulisukumwa ukatokea upande wa pili. Zikanasa. Zikaachia. Mwadime akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na wakarudi nyumbani na pedeli ambazo hata kuku wa Mwarungu walizidharau.

Viatu sasa. Walivyovipata vilikuwa vimekufa ubavu, soli zimelegea. Mkawasi alivipeleka kwa Mama Malemba siku ya soko, siku ambayo fundi viatu hana hata nafasi ya kupiga chafya.

"Tembea nikuone," alisema Mama Malemba.

Mkawasi akatembea.

"Vidole vyako vinatazama nje. Nikikufungia kichuma kimenyooka mbele, goti lako litalia. Kaa hapo."

Akawaambia wateja warudi kesho. Wengine walinung'unika, wengine walivuka kwa fundi wa upande wa pili, na baadhi yao hawakurudi tena. Mama Malemba aliyaona hayo na hakuinua kichwa. Alikata bawaba ya sanduku kuukuu akaiweka ndani ya soli, akaongeza mpira wa tairi, akatoboa kwa msharasi, akapitisha uzi mara mbili pale ambapo mtu mwingine angepitisha mara moja. Kichuma akakikaza kwa skrubu, kikiwa kimelala kufuata mguu wa Mkawasi ulivyoumbwa. Jioni alimpa viatu, akasema, "Wewe utachoka. Hivi havitachoka."

Mkawasi alivaa, akapanda, akanasa. Mlima aliouzoea ukawa kama umepunguzwa! Alishuka akiimba mpaka langoni mwa kanisa, akamwona mwalimu wa dini, akasimama amsalimie kwa heshima. Akasimama kweli, ila miguu haikusimama popote. Alianguka taratibu, amenasa pande zote mbili, huku akisema, "Shikamoo, mwalimu," na maziwa ya watu yakamwagika hadi kwenye viatu vya mwalimu.

Aliyecheka zaidi alikuwa Mghoi. Mghoi naye alikuwa mpanda baiskeli, rika lake Mkawasi, jirani yake, na alikuwa amejiandikisha katika mashindano yale yale. Mwaka uliopita alijaribu pedeli za kunasa. Hakuwa na wa kumfundisha, akafundishwa na ukuta wa mawe, ukamvunja mtulinga wa bega. Tangu hapo alirudia pedeli za kawaida. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akamwinua mwenzake.

"Kunasa hakufundishwi, Mkawasi. Kunasa kunajileta kwenyewe. Cha kufundishwa ni kutoka."

Akaanza kumfundisha. Wakiwa njiani wanazungumza habari za watu, katikati ya neno, Mghoi anapiga makofi, na Mkawasi anapaswa kutoa mguu. Wa kushoto peke yake, wa kulia peke yake, kwenye mawe, kwenye maji, akiwa amekasirika, akiwa anacheka. Mwanzoni kichwa kilisikia kikauambia mguu. Baadaye mguu ukawa unasikia wenyewe.

Siku moja Mkawasi alimuuliza, "Shoga, mbona unanifundisha, na huyo mtamba unamtaka?"

"Namtaka sana," alisema Mghoi. "Lakini nataka nikushinde ukiwa na bega zima."

Siku ya mashindano mvua ilinyesha kama iliyoalikwa. Udongo mwekundu uliamka. Mkawasi alitangulia, Mghoi nyuma yake, wakaingia kwenye njia nyembamba inayopita juu ya korongo. Pale kwenye kona ukingo ulimomonyoka. Gurudumu la mbele likakosa ardhi.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kesi yote iko hapa.

Mguu wa kushoto wa Mkawasi, uliokuwa upande wa mlima, ulijitoa wenyewe. Ulisikia makofi ambayo hayakupigwa. Pedeli ilikuwa imejaa matope, na bado ikaachia. Akakanyaga ardhi, akashika mzizi. Mguu wa kulia ulibaki umenasa, na baiskeli nzima ikaning'inia juu ya korongo kwa kiatu kimoja. Soli ilivutika, skrubu zikalia, uzi haukukatika. Mkawasi akamwona mama yake akilini, na ile ndoo. Akavuta. Baiskeli ikapanda.

Mghoi alikwisha kumpita. Mkawasi akapanda tena, akanasa, akamfuata, na kwenye mlima wa mwisho alisukuma na kuvuta, kusukuma na kuvuta, mpaka wakawa bega kwa bega, mpaka akamwacha kwa urefu wa gurudumu.

Furaha ilikuwa kubwa. Ila ukoo wa akina Mkawasi una desturi yake: ushindi wa kwanza hauliwi na mshindi. Hukabidhiwa mkono mmoja uliomwinua. Nasema mkono mmoja. Mtu mmoja alijaribu kusema kwamba figa moja haliinjiki chungu, na mjomba wa Mkawasi akamjibu kuwa chungu ni kweli kina mafiga matatu, lakini mtamba ana kamba moja.

Basi wakakutana uani, mtamba akiwa katikati.

Mghoi ndiye aliyeanza. "Ungenasa miguu yote miwili, leo tungekuwa tunakulia. Na mimi nilikuwa na njia rahisi ya kumpata huyu mtamba. Kunyamaza tu. Nilisema, na nikashindwa kwa gurudumu moja."

Mama Malemba akasema, "Haya, umetoka. Ungetoka miguu yote miwili, baiskeli ingelala korongoni na wewe ungemaliza kwa miguu. Ungetangazwa mshindi wa kutembea? Kilichoirudisha baiskeli njiani ni uzi wangu. Wateja walionihama hawajui hilo, ila wewe unajua."

Mwadime alikawia kusema, maana hata maneno alikuwa anayachagua. "Mwalimu amefundisha na fundi ameshona. Lakini zile pedeli zinazong'aa ulizozishika kwanza zingegoma kwenye matope yale, mafunzo au si mafunzo. Mguu uliofundishwa kutoka hautoki penye mlango uliofungwa." Akamgeukia dada yake. "Najua ukinipa mimi watu watasema umejipa mwenyewe, maana tunakula chungu kimoja. Dada, usinipe kwa sababu mimi ni kaka yako. Na usininyime kwa sababu mimi ni kaka yako."

Mkawasi alimtazama mama yake apate msaada. Mama Mkiwa akageuza uso. Lakini asubuhi ile alikuwa amekata nyasi. Hakuziweka ndani ya zizi, wala hakuzipeleka kwa jirani. Aliziweka pale mlangoni pa zizi, nusu nje nusu ndani, akakaa mbali nazo. Mkawasi alipoziona alitaka kulia. Akimpa Mwadime, mama atashika ndoo yake tena, na Mkawasi hatajua maisha yake yote kama alitenda haki au alimhurumia mamaye. Akimpa mwingine, atajiuliza kama alitenda haki au aliogopa midomo ya watu.

Mtamba alinyoosha shingo kuelekea zile nyasi. Kamba ikakazika mkononi mwa Mkawasi.

Msiniambie achinjwe agawanywe; huyo hakupewa ili aliwe. Msiniambie ndama wa kwanza kwa huyu na wa pili kwa yule. Mjomba ameshakataa, na sauti yake ninyi hamuijui. Wala asiniambie mtu kwamba Mkawasi aivunje desturi, kwa maana naye atataka iheshimiwe siku mkono wake utakapomwinua mwenziwe.

Mmoja alichagua, mmoja akafunga, mmoja akafungua. Mimi nimeishika kamba hii vya kutosha, mkono umeniuma. Ishike wewe. Je, wewe ungemkabidhi nani?